Karama za miujiza zipo leo, lakini nani anazipima?

Mwanzoni mwa 2011 barabara ya vumbi ya kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, ilijaa mabasi, malori na magari ya wakubwa. Foleni ilikwenda kilometa nyingi, na watu walilala porini wakisubiri kikombe kimoja cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Aliyekitoa hakuwa nabii wa kanisa lililofunguliwa juzi. Alikuwa Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), aliyesema kwamba Mungu alimwonyesha dawa hiyo ndotoni. Askofu Thomas Laizer wa Dayosisi ya Kaskazini Kati alimuunga mkono hadharani. Wapo waliofia kwenye foleni kabla hawajakifikia kikombe, na wapo wenye VVU walioacha dawa za kufubaza virusi wakiamini wamekwisha kupona.

Samunge inatuonyesha kwamba swali la karama haliwahusu Wapentekoste peke yao. Paulo alizitaja katika 1 Wakorintho 12: kuponya, matendo ya miujiza, unabii, kunena kwa lugha. Je, zimeendelea hadi leo, au ziliisha na kizazi cha mitume? Dhehebu la Makanisa ya Kristo na baadhi ya Wabaptisti wa mrengo wa Matengenezo wanasema ziliisha. Wapentekoste, Wakatoliki wa Karismatiki na Walutheri wengi wa vikundi vya uamsho wanasema zipo. Mimi nasimama na hawa wa pili. Lakini wale wa kwanza wana hoja ambazo sisi tumezoea kuzifukuza kwa kusema tu kwamba wenzetu hawana Roho. Hilo si jibu.

Hoja yao inayotajwa zaidi ndiyo dhaifu kuliko zote. Katika 1 Wakorintho 13 Paulo anasema lugha zitakoma na unabii utabatilika itakapokuja ile iliyo kamili. Wengine wanasema hiyo iliyo kamili ni Biblia iliyokwisha kukusanywa. Ukisoma mistari miwili mbele utakuta Paulo anasema wakati huo tutaona uso kwa uso, na hakuna aliyemwona Bwana uso kwa uso kwa sababu tu orodha ya vitabu vya Agano Jipya imekamilika. Isitoshe, mstari uleule unaotaja lugha na unabii unasema maarifa nayo yatabatilika, na hakuna anayedai kwamba yamebatilika.

Hoja nzito iko kwingine. Waefeso 2:20 inasema kanisa limejengwa juu ya msingi wa mitume na manabii, na msingi haujengwi upya kila kizazi. Waebrania 2:4 inaziweka ishara na ajabu pamoja na ushuhuda wa wale waliomsikia Bwana wenyewe. Benjamin Warfield, mwalimu wa theolojia huko Princeton, Marekani, aliieleza hoja hii mwaka 1918 kwa ukali kuliko wengi: miujiza ilikuwa muhuri wa mitume, wengine waliipata kwa kuwekewa mikono na mitume hao, na mtume wa mwisho alipokufa mlango ukafungwa. Anayo Matendo 8 mkononi. Filipo alihubiri Samaria watu wakaamini, lakini ilibidi Petro na Yohana washuke kutoka Yerusalemu, wawawekee mikono, ndipo wakapokea Roho.

Nikiipima hoja hiyo namkuta Anania wa Dameski. Matendo 9 inamwita mwanafunzi tu. Hatuambiwi kwamba mtume yeyote alimwekea mikono, na bado yeye ndiye aliyemwekea Sauli mikono akapata kuona tena. Wagalatia 3:5 nayo inazungumzia miujiza inayotendeka kati ya waumini wakati Paulo yuko mbali nao. Kwa hiyo ushahidi kwamba mlango ulifungwa siuoni. Ila upande wa Warfield unashika jambo moja ambalo sisi tunalikwepa: hata katika siku za mitume uponyaji haukufuata ratiba ya mtu. Paulo alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Timotheo aliambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Epafrodito alikaribia kufa. Mabango ya leo yanatangaza saa na ukumbi wa kupokea muujiza. Paulo hakuwahi kuahidi hivyo.

Historia nayo haimpi yeyote ushindi wa bure. Yohana Krisostomo, mhubiri wa kanisa la kale, mwishoni mwa karne ya 4, alikiri kwamba maneno ya Paulo juu ya karama ni magumu kueleweka kwa sababu mambo yale hayatokei tena. Augustino alipoanza kuandika alifikiri karibu hivyohivyo. Baadaye, akiwa askofu wa Hippo, Afrika Kaskazini, alibadili msimamo, na namna alivyoubadili ndiyo inayonigusa. Alitaka waliopona waandike habari zao, na maandishi yao yasomwe mbele ya kanisa. Kaka na dada kutoka Kapadokia (leo ni Uturuki), Paulo na Paladia, waliokuwa wakitetemeka mwili mzima, walipona Hippo siku za Pasaka. Kaka alipona kwanza. Kisha wote wawili walisimama mbele ya waumini, mmoja akiwa mzima na mwenzake bado anatetemeka, huku habari yao ikisomwa. Dada naye akapona baadaye. Katika kitabu cha 22 cha Mji wa Mungu Augustino anasema kwamba kwa muda usiofika miaka miwili maandishi ya namna hiyo yalikaribia 70 katika mji wake pekee.

Lourdes, mji wa hija wa Wakatoliki huko Ufaransa, unakwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 1883 kuna ofisi ya madaktari ya kuchunguza wanaodai kupona. Maelfu wamepeleka habari zao, na Kanisa Katoliki limethibitisha miujiza sabini na kitu tu. Unaweza kukataa heshima wanayompa Maria pale, mimi mwenyewe siishiriki, lakini kanisa lenye subira ya namna hiyo haliwezi kuitwa kanisa lisiloamini miujiza.

Sisi tunaodai tumerithi moto wa Azusa Street, uamsho wa Kipentekoste wa Los Angeles wa mwaka 1906, tumeipokea nusu ya maagizo. Paulo anasema msizuie kunena kwa lugha, na tunalishika hilo kwa mikono miwili. Katika sura hiyohiyo ya 14 anasema wanene wawili au watatu, zamu kwa zamu, na mmoja afasiri. Asipokuwapo mfasiri, mtu anyamaze katika kanisa. Nenda kwenye mkesha wowote mjini saa nane za usiku: watu wote wananena kwa pamoja, maikrofoni iko mdomoni mwa mtumishi, na mfasiri hakuna. Mstari wa 29 unataka manabii wakinena wengine wapambanue. Mpambanuzi ni nani katika kanisa ambamo nabii ndiye mwanzilishi, mweka hazina na mwenye hati ya kiwanja?

Februari 1, 2020, katika mkutano wa maombi kwenye uwanja wa Majengo, Moshi, Tanzania, watu 20 walikufa wakikanyagana walipokuwa wakikimbilia kupita juu ya mafuta ya upako. Yakobo 5 nayo inataja mafuta. Inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta. Wazee ndio wanaotembea kumfuata mgonjwa alipolala. Hakuna foleni, hakuna kiingilio, na maombi ni ya wazee, hayatolewi kwa jina la mtu mmoja.

Kwa hiyo kwa makanisa yetu yanayoamini karama ninaomba jambo linalowezekana Jumapili hii. Mtu akitoa ushuhuda wa kupona, wazee waandike ugonjwa, hospitali iliyoupima na tarehe, kisha baada ya miezi sita wakamtembelee. Aliyeombewa asipone aandikwe pia, na aendelee kutunzwa. Mwenye VVU au kisukari asiambiwe aache dawa kabla ya kupimwa na daktari. Na unabii unaotaja mwezi na mwaka uwekwe kwenye kumbukumbu za kanisa. Muda ukipita bila kutimia, aliyeutoa aulizwe mbele ya watu walewale waliomsikia.