Stokingi zinarudi, safari hii bila amri ya bosi

Mwaka 2023 biashara ya stokingi ilipata habari mbili, na kila upande wa ubishi wa kama kweli zimerudi hupenda kutaja moja na kuinyamazia nyingine. Mwezi Machi, mjini Paris, wabunifu wa mavazi Miu Miu waliwapandisha jukwaani wanamitindo wenye stokingi zilizovutwa hadi juu ya kiuno, sweta limechomekwa ndani yake, utadhani mtu katoka msalani mbio akasahau kujitazama kwenye kioo. Kabla mwaka haujaisha, Hanesbrands ya Marekani ikaiuza biashara yake ya stokingi nyepesi nchini humo, pamoja na L'eggs, zile zilizokuwa zikija ndani ya yai la plastiki tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka 1991. Mbunifu anazipandisha jukwaani, mwenye viwanda anazitua. Yupi kati yao anaijua miguu ya wanawake wa kawaida?

Wengi wamekwisha kuamua kwamba hiki ni kiroja cha Ulaya na kitapita. Hoja zao ni nzito, nitazieleza kabla ya zangu, ila nadhani wanapima kwa rula ya zamani.

Wanaanza na fedha. Wolford ya Austria, inayofuma mjini Bregenz tangu mwaka 1950 na kuuza stokingi kwa bei ya kutisha, imepita miaka ya hasara hata baada ya kuchukuliwa na Fosun ya China mwaka 2018. Kama wanawake wamezirudia, wanasema, mbona hela haionekani dukani? Kisha wanamleta Michelle Obama, ambaye mwaka 2008 alisema kwenye televisheni kwamba aliacha kuvaa stokingi siku nyingi kwa sababu zinaumiza, na ukizivaa zinachanika. Hakutoa falsafa yoyote, na ndiyo maana maneno yale yalipenya. Kila mwanamke aliyewahi kujibana nailoni kiunoni akaketi kikao cha saa tatu alielewa bila kufafanuliwa.

Hapa kwetu hoja ya joto haihitaji wakili. Dar es Salaam ya Februari, daladala imeshona, jasho linateremka mgongoni kabla hujafika Magomeni, nailoni miguuni ni adhabu.

Halafu kuna kumbukumbu ya kazini, na hii ndiyo inayouma zaidi. Kwa mama zetu wengi waliofanya kazi benki, ofisini na kwenye mapokezi ya hoteli miaka ya 1980 na 1990, stokingi zilikuwa sehemu ya unadhifu. Mguu mtupu ulihesabiwa uzembe. Aliyejua kazi yake aliweka pea ya akiba kwenye droo, kwa kuwa pembe ya meza au msumari wa kiti ungeweza kumuumbua kabla ya saa nne asubuhi. Mshahara wake, gharama yake, sura ya kampuni. Binti aliyekua akimwona mama yake akihangaika hivyo asubuhi atasikiaje habari za stokingi kurudi akafurahi?

Zote hizo ni hoja za kweli. Ila zote zinaishitaki aina moja tu: stokingi nyepesi ya rangi ya mchanga, iliyoungwa na chupi, iliyovaliwa ili isionekane. Kazi yake ilikuwa kuufanya mguu uonekane mtupu lakini laini kuliko mguu wenyewe. Hiyo imekufa, na sidhani kama inarudi. Catherine, mke wa Mwanamfalme William wa Uingereza, amezivaa katika shughuli nyingi rasmi tangu aolewe mwaka 2011, na magazeti ya huko yameandika sana habari za miguu yake, lakini simhesabu upande wangu. Yeye yuko kwenye sare ya kazi, kama polisi wa barabarani.

Zinazoonekana sasa ni nyingine. Nyeusi nzito ya denia 60, damu ya mzee, kijani cha chupa, zenye vidoto, za nyavu, zimevaliwa na kaptura na buti, au na sketi ya shule ya zamani iliyokatwa upya. (Denia ni uzito kwa gramu wa uzi wa mita 9,000, kwenye 15 ngozi inaonekana wazi, kwenye 60 imezibika.) Mwanamitindo wa Paris anaweza kuvishwa chochote, Saint Laurent mwaka 2024 walionyesha mkusanyo karibu mzima wa nguo za kupenya macho kama stokingi, na hakuna atakayeivaa ile kwenda Kariakoo. Lakini pita katikati ya Nairobi mwezi wa Julai, kile kibaridi cha mawingu kimetua. Utamkuta msichana ana gauni la kitenge linaloishia gotini, taiti nyeusi nzito, raba nyeupe na jaketi la jinzi. Gauni lilelile la Desemba limepata miezi mingine ya kuvalika. Taiti zake kazinunua kwa mchuuzi wa kando ya barabara, na fedha zake haziingii katika hesabu ya Bregenz wala ya Marekani. Mtu anayesubiri mizania ya Wolford impe ruhusa ya kuamini atasubiri sana.

Walioko Oslo au Minneapolis wangetucheka kwa kubishana. Kule gauni la Idi au la kanisani halivaliki Januari bila taiti zenye manyoya ndani.

Na Pwani swali lenyewe halijakaa sawa. Mombasa, Lamu, Unguja, wako wanawake wengi wa buibui ambao hawakuwahi kuziacha hata zirudi. Soksi nyepesi ndani ya viatu vya wazi, zinavuliwa kwa udhu, zinavaliwa tena, katika joto lilelile tunalolitaja kama hoja ya mwisho. Joto halikuwaachisha, kwa sababu wana sababu yao wenyewe ya kuzivaa. Wa benki wa mwaka 1985 alikuwa na sababu ya meneja.

Hapo ndipo ninapogombana na takwimu moja inayopenda kuzungushwa kila stokingi zikitajwa. Nailoni ya DuPont iliingia maduka ya Marekani nzima tarehe 15 Mei 1940, ikaisha rafuni kwa kugombaniwa. Vita ikaichukua kwa parachuti za wanajeshi na kamba. Wanawake wakabaki kupaka miguu rangi na kuchora nyuma ya shavu la mguu, kwa penseli ya nyusi, mstari mmoja ulionyooka wa kuigiza mshono. Vita ilipoisha uzalishaji ukachelewa, maduka yakavamiwa, na mjini Pittsburgh iliripotiwa kwamba watu 40,000 walipanga foleni kwa ajili ya pea 13,000.

Hata kama kila mmoja angeuziwa pea moja tu, 27,000 walirudi nyumbani mikono mitupu, zaidi ya theluthi mbili. Wanaozibeza stokingi huleta foleni ile kama ushahidi wa ujinga wa mitindo: tazama watu walivyopigana kwa ajili ya plastiki. Wanaozipenda huileta kama ushahidi wa mapenzi. Nami naona haithibitishi chochote kati ya hayo. Foleni haimwulizi mtu kwa nini amekuja. Kati ya wale 40,000, wangapi walizitaka, na wangapi waliogopa kwenda kazini au kanisani mguu mtupu? Hata ule mstari wa penseli una pande mbili. Kujikunja shingo mbele ya kioo ili kuchora shavu la mguu wako mwenyewe kunafanana na urembo. Lakini mshono ndio uliokuwa cheti kwamba umevaa, na mtu huchora cheti anapoogopa kukaguliwa. Tamaa na amri zilikuwa zimesokotwa uzi mmoja, na wa kuzitenganisha hakuwepo, labda hata wavaaji wenyewe.

Leo zimetengana, walau mahali pengi. Ofisi nyingi za mjini sasa hazimkagui mtu miguu. Suruali zimeruhusiwa, magauni marefu yapo, mguu mtupu umezoeleka. Kwa hiyo binti wa Nairobi mwenye taiti za damu ya mzee, ambaye angeweza kabisa kutozivaa, ananiambia mengi kuhusu stokingi kuliko foleni nzima ya Pittsburgh. Wako wachache kuliko mama zao, sawa. Lakini huyu tunajua kwamba amezitaka, na wanaopima kwa wingi wa pea zilizouzwa kiwandani hawana safu ya kuandika jambo hilo.

Kuna sababu nyingine ya weusi ule mzito kutangulia kwetu, na wachambuzi wa Ulaya hawaigusi kwa kuwa haikuwahi kuwahusu. Pakiti iliandikwa rangi ya mwili. Mwili wa nani? Mwangalie mwanamke dukani anayejua kununua. Haanzi na bei. Anaingiza mkono ndani ya stokingi ya sampuli, anatanua vidole, anasogea mlangoni penye mwanga na kutazama mgongo wa mkono wake. Ukigeuka rangi ya majivu, anairudisha. Asiyefanya hivyo hutoka kwenye picha za harusi ana uso na mikono ya mtu mmoja, na miguu ya mtu mwingine.

Wacheza baleti weusi walilishughulikia hili mapema. Dance Theatre of Harlem, iliyoanzishwa na Arthur Mitchell mwaka 1969, ilipofika katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa imeacha taiti za waridi za baleti na kuzipaka rangi ifuate ngozi ya kila mchezaji, pamoja na viatu. Ilichukua miaka kama 40 baada ya hapo mpaka Ade Hassan alipoanzisha Nubian Skin mjini London mwaka 2014, akiwa na nguo za ndani na stokingi za kahawia nne tofauti. Hata zile za manyoya ndani zilizovuma mitandaoni, zinazoonekana nyepesi kwa juu huku zimekupasha joto, hufanya kiini macho kwa kitambaa cha ndani chenye rangi ya ngozi, na swali la ngozi ya nani linarudi palepale. Kwa miaka yote hiyo mwanamke mweusi alikuwa na stokingi moja tu isiyomdanganyia rangi, nayo ni nyeusi nzito. Sishangai kwamba ndiyo aliyoirudia kwanza. Ninachongoja ni kahawia zitakapofika kwa wachuuzi wa kawaida kwa bei ya kawaida, hapo ndipo tutajua kama hata ile nyepesi ilikataliwa kwa kuwa stokingi au kwa kuwa ya mtu mwingine.

Upande wa kuchanika sina jibu la kuwaridhisha wapinzani. Uzi mmoja ukikatika gotini, zinafumuka mpaka kisiginoni. Dawa ya mtaani ni ileile, tone la rangi ya kucha isiyo na rangi pale palipoanzia, nayo inasaidia mpaka jioni. Wako wanaofuma kwa nyuzi ngumu zaidi, kama Sheertex ya Canada, lakini kwa bei ambayo mfuko wa karani hauijui. Tanzania, ambako shirika la viwango, TBS, haliruhusu nguo za ndani za mitumba kuingizwa na soksi zimo katika katazo hilo, mwenye kufuata sheria ananunua mpya kila mara. Na nailoni ni mafuta ya petroli, haiozi. Ni kweli kwamba kwetu haitupwi haraka: iliyofumuka mguuni inakatwa, inafungwa fundo na kuishia kichwani chini ya wigi. Lakini wigi moja halimalizi pea za mwaka mzima, na anayesema stokingi nyepesi ni taka ya kuvaa mara moja simbishii. Nzito zinadumu zaidi, hilo tu ndilo la kujitetea.

Ninachohofia zaidi ni waajiri. Mtindo ukishakubalika mtaani, haichukui muda mtu wa rasilimali watu akauona nadhifu, akauingiza kwenye mwongozo wa mavazi, na taiti za damu ya mzee zikageuka nyepesi za rangi ya mchanga, lazima, Jumatatu hadi Ijumaa. Baadhi ya mahoteli na mashirika ya ndege hayakuwahi kuuondoa utaratibu huo kwenye sare. Wakitaka kuueneza tena, chama cha wafanyakazi kiwe na maswali mawili mezani kabla ya kusaini. Kampuni inayompa fundi kofia ngumu na buti itatoa pea ngapi za stokingi kwa mwezi, na katika kahawia ngapi?