Ayala wa Kijitoni

Kifaa cha kupimia umbali kilisoma mita 34, nami nikaiamini namba ile kuliko nilivyomwamini mwenzangu, ambaye tangu Septemba alikuwa akinikanya kwamba mshale wangu usivuke mwaloni wa pili kutoka dunguni. Ilikuwa katikati ya Oktoba, kusini-magharibi mwa Wisconsin, saa kumi na mbili jioni kasoro dakika chache. Mwenzangu alinong'ona, kwa Kiswahili chake cha Kivu, "Iko mbali, mudogo yangu." Nikaachia upote. Nilikosea, wala sitafuti wa kumtupia lawama. Lakini naona kosa lile linatokana na namna tunavyouziwa uwindaji wa upinde siku hizi, kana kwamba ni mchezo wa kulenga shabaha iliyo mbali, na hilo ndilo ninalotaka kulipinga hapa.

Kwanza niseme neno kuhusu mnyama mwenyewe, kwa kuwa wengi wetu humwita kulungu au paa. Kulungu wa kwetu ana pembe asizozibadilisha mpaka kufa, lakini mnyama huyu wa Marekani mwenye mkia mweupe kwa chini huangusha pembe zake kila mwaka baada ya majira ya kupandana, kisha huota nyingine. Wafasiri wa Biblia walimpa mnyama wa jamii hiyo jina la ayala, nami naona ndilo jina linalomfaa.

Mwenzangu ni mtu wa Fizi, mashariki mwa Kongo, amenizidi umri kwa miaka isiyopungua kumi na tano, na alipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa huku. Alikulia katika uwindaji wa nyavu na mbwa. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na katika nchi yangu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, hivyo kwa mtu wa rika langu yeyote aonekanaye porini na upinde ni jangili tu. Ilinichukua muda kuzoea kwamba hapa mtu hununua kibali chake, akaenda msituni mchana kweupe, na jirani akamtakia heri.

Dungu letu ni la watu wawili, limefungwa kwenye shina la mwaloni kiasi cha mita tano kutoka ardhini, na kila mmoja wetu huvaa mkanda wa mwili mzima uliofungwa mtini, kwa maana wanaoanguka kutoka kwenye madungu ni wengi na wengine hawainuki tena. Mwenzangu ndiye aliyechagua mahali pale, akafuata upepo. Jioni hewa ikishapoa hutiririka kushuka bonde kama maji, ikabeba harufu ya mtu. Basi mwindaji wa jioni hukaa chini ya njia anayotarajia ayala apite, na wa asubuhi hukaa juu yake, kwa sababu jua likichomoza hewa hugeuka ikapanda. Mbegu za mwaloni mweupe zilikuwa zimeanza kudondoka, nazo ayala huzipenda kuliko za mwaloni mwekundu, ambazo zina ukakasi mwingi. Kwa saa tatu hatukusema kitu. Nilikuwa na chupa ya chai ya tangawizi mkobani, naye alikuwa amenikataza kuifungua, akisema kwamba harufu ile ingemfikia kila mnyama wa bonde kabla ya mimi kumaliza kikombe cha kwanza. Majani ya miti ya mepo yalidondoka moja moja, na kila jani lililogusa ardhi lilinishtua kama hatua ya mnyama.

Dume lilipotoka vichakani, likiwa na pembe changa, lilisimama ubavu mbali kidogo kupita mwaloni wa pili. Upinde ninaoutumia ni wa kapi, yaani wenye vigurudumu kwenye ncha zake, aina iliyobuniwa na Holless Wilbur Allen wa Missouri na kupewa hataza mwaka 1969. Ukishauvuta hadi mwisho, kapi hukupunguzia uzito ukabaki kama robo yake au pungufu, kiasi kwamba unaweza kusubiri umevuta kwa muda ambao upinde wa mti usingekuruhusu. Ni kifaa kizuri, na uzuri wake ndio uliokuwa mtego wangu. Wisconsin ilipotenga msimu wa ayala kwa ajili ya pinde peke yake mwaka 1934, ikiwa jimbo la kwanza kufanya hivyo Marekani, watu waliwinda kwa pinde za mti, na mmoja wa wapenzi wa upinde jimboni humo alikuwa Aldo Leopold, bingwa wa elimu ya wanyamapori, aliyejichongea pinde zake mwenyewe. Upinde wa namna ile humlazimisha mtu kusogea. Wangu ulinipa ruhusa ya kutosogea.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, nami najuta kwamba niliifanya baadaye. Mshale wangu huenda takriban mita 80 kwa sekunde, ilhali sauti huenda takriban mita 340. Kwa umbali wa mita 34, mlio wa upote humfikia mnyama baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na mshale humfikia baada ya sehemu nne za kumi na ushei. Mnyama anayeishi kwa masikio yake anabakiwa na karibu theluthi ya sekunde ya kuchutama na kugeuka, tena hachutami kwa sababu ameuona mshale, bali anakunja miguu ili aruke. Kwa nusu ya umbali huo mwanya nao hupungua kwa nusu, na mara nyingi mshale huwa umeshafika kabla mwili haujasogea vya kutosha. Wanaojisifu kwa mita 50 na 60 huwa wanasimulia ustadi wao wa kulenga shabaha ya povu, ambayo haina masikio.

Mshale ulimpata kiganja kimoja nyuma ya nilipokusudia. Tulipoteremka tuliuokota ukiwa umepita upande wa pili, na mwenzangu akaumulika kwa tochi. Damu ya mapafu huwa nyekundu ya kung'aa yenye mapovu, na ya matumbo huchanganyika na uchafu wa kijani. Hii ilikuwa nyekundu nzito, ya kukaribia weusi. Ini. Jeraha la ini huua, ila haliui upesi, na mnyama akifuatwa mapema huinuka na kwenda mbali mahali ambapo hatapatikana. "Tuache nyama ilale kwanza," akasema, nami nilitamani kukimbia nyuma ya mnyama usiku ule ule ili niimalize aibu yangu. Peke yangu ningekimbia. Ndiyo maana sishauri mtu mgeni wa kazi hii aende bila mwenzake: kuona mnyama hakuhitaji macho manne, lakini saa zile za kungoja zinahitaji mtu ambaye moyo wake haukupiga mshale.

Tulirudi alfajiri. Tulifuata damu tone kwa tone, yeye akisimama kwenye tone la mwisho na mimi nikitafuta linalofuata, mpaka kijitoni, na hapo tukamkuta amekufa, nusu ya mwili ukingoni na kichwa chini ya maji.

Nilikuwa nimesoma bismillahi nilipoachia mshale, kwa hiyo upande huo sikuwa na shaka. Katika hadithi mashuhuri ya Adiy bin Hatim, aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu mawindo, mnyama aliyepotea siku nzima kisha akapatikana hana alama nyingine ila ya mshale wako anaruhusiwa kuliwa; lakini aliyekutwa ameanguka majini asiliwe, kwa kuwa hujui kama aliuawa na maji au na mshale wako. Wapo wanazuoni wanaoruhusu iwapo jeraha lilikuwa la kuua bila shaka. Mimi nilisimama pale kijitoni na shaka yangu ilikuwa kubwa kuliko mnyama. Laiti mshale ungepita mapafuni asingefika majini. Angeanguka ndani ya hatua mia, na swali lisingekuwapo.

Nyama yote ilikwenda kwa mwenzangu. Tulimwandikisha mnyama siku hiyo hiyo, maana sheria ya Wisconsin inataka ifanyike kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku inayofuata, na kichwa tukakipeleka kupimwa ule ugonjwa sugu wa kudhoofisha ayala, uliogunduliwa jimboni mwaka 2002. Haujathibitika kumpata binadamu, lakini wataalamu wa afya hushauri nyama ya mnyama mwenye ugonjwa huo isiliwe, kwa hiyo familia yake ilingoja majibu kabla ya kupika, na majibu yalikuja safi.

Naona ajabu kidogo kwamba hadithi ile ya kale na desturi za wawindaji wenye busara wa huku zinakutana mahali pamoja, kwenye wajibu wa kujua kwa hakika ni nini kilichomuua mnyama. Duka halikuuzii ujuzi huo. Tangu mwaka 2014 kila mwindaji hapa anaruhusiwa pia kutumia upinde wenye kitako na kifyatulio kama cha bunduki. Siupingi, wazee na wenye mabega mabovu wanauhitaji, lakini matangazo yake yote ni ya umbali. Sijaona tangazo hata moja la mtu anayetafuta damu kwa tochi.

Juma lililofuata nilifunga kitambaa chekundu kwenye mwaloni wa pili, hatua ishirini kutoka kwetu, na kifaa cha kupimia nikakiacha garini. Karibu na magharibi dume mwingine, mkubwa kuliko yule, alipita ng'ambo ya kitambaa bila haraka, akala mbegu mbili tatu, akaendelea zake. Upinde ulikuwa magotini mwangu. Mwenzangu aliutazama, akalitazama bonde lililokuwa tupu sasa, kisha akanyoosha mkono kuiomba ile chupa ya chai.