Kadi ya gemu isiyo na gemu

Niseme mapema nisije nikaitwa mnung'unikaji: Switch 2, mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo ya Japani, ni mashine nzuri. Waliitoa Juni 5, 2025, na ndani ya siku nne zikawa zimenunuliwa zaidi ya milioni tatu na nusu. Sishangai. Kioo kimekua kutoka inchi 6.2 za Switch ya kwanza ya 2017 hadi inchi 7.9, kinaonyesha picha kali zaidi (1080p badala ya 720p), na unene umebaki milimita 13.9 zilezile. Pedi za pembeni hazitelezeshwi tena kwenye reli, zinanaswa na sumaku. Ukilaza pedi ubavu juu ya meza, inageuka kuwa kipanya cha kompyuta, jambo nililolicheka mwanzoni na ambalo silicheki tena. Ukiipachika mashine kwenye stendi yake ya televisheni unapata picha ya 4K, iliyo kali zaidi ya hiyo, na stendi yenyewe safari hii ina feni.

Kuna wanaolalamika kwamba kioo ni LCD wakati toleo la Switch la 2021 lilikuwa na OLED, kioo chenye rangi nzito na weusi wa kweli. Wana haki yao. Kuna chaji pia, saa 2 hadi 6 na nusu kutegemea gemu, na kwa mashine ya kubebeka hizo saa 2 ni chache. Hayo nayavumilia.

Kinachonikaba ni kadi za gemu, zile unazochomeka kwenye mashine ili ucheze.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya gemu tunajua kwamba gemu ni kitu cha kuazimana. Nakupa Ijumaa, Jumatatu unanirudishia, na usiponirudishia mama yako atanisikia mlangoni. Sasa kwenye Switch 2 zimekuja kadi ambazo ndani yake hakuna gemu, kuna ufunguo tu. Unachomeka kadi, mashine inakwambia ushushe gemu nzima kwenye intaneti, na hata ukishaishusha, bila kadi hiyo haichezeki. Yaani una mzigo wa kadi na mzigo wa bando kwa wakati mmoja!

Tuwe wa haki kidogo: kadi ya namna hii unaweza kuiuza au kuiazimisha, na intaneti unaihitaji mara ya kwanza tu. Lakini kila anayeiazima anaanza upya kushusha. Hebu fikiria gemu ya gigabaiti 50 kwa mtu anayenunua bando la siku. Halafu ataiweka wapi? Mashine ina gigabaiti 256, na ukitaka kuongeza lazima ununue memori kadi ya aina mpya, microSD Express. Ile uliyokuwa nayo kwenye Switch ya zamani haitahifadhi gemu humu. Ndiyo, microSD Express ina kasi zaidi, na gemu za leo zinaihitaji kasi hiyo. Bei yake nayo ina kasi.

Wanaotetea ufunguo husema kadi zenye nafasi kubwa ni ghali kutengeneza. Mbona basi kampuni ya CD Projekt wameiweka gemu yao kubwa ya Cyberpunk 2077 yote, pamoja na nyongeza yake, kwenye kadi moja ya gigabaiti 64? Nintendo wenyewe Mario Kart World wameiweka kwenye kadi kikamilifu. Street Fighter 6 ya Capcom, gemu ya ngumi, ndiyo iliyokuja na ufunguo. Kwa maoni yangu gharama haikupungua, imehamishiwa kwa mnunuzi, ambaye tayari ametoa hela za mashine, dola 449.99 pale Marekani ilipotoka 2025, wakati ile ya 2017 ilianzia dola 299.99.

Kuna na suala la miaka kumi ijayo. Machi 2023 Nintendo walifunga mauzo kwenye maduka ya mtandaoni ya Wii U na 3DS, mashine zao za zamani. Uliyonunua zamani bado unaweza kuyashusha, lakini hiyo ni hisani yao, na hisani ina mwisho. Kadi yenye gemu ndani haimwombi mtu ruhusa.

Ukienda dukani, kabla hujatoa hela angalia sehemu ya chini ya jalada. Kadi za ufunguo zina utepe wenye alama ya ufunguo na maelezo kwamba lazima ushushe. Mimi nikiuona utepe huo narudisha boksi kwenye rafu, hata kama ni gemu niliyoisubiri mwaka mzima. Isipokuwa Street Fighter. Hiyo nilinunua, na ndugu yangu ameshaniomba nimwazime.