Sauti kwanza, kompyuta pili, kamera ingoje

Bibi alikuwa amefika mahali patamu pa simulizi yake mvua ilipoanza kupiga bati. Tulikuwa sebuleni kwake, kijiji kimoja cha Rungwe chini ya Tukuyu, na wajukuu zake walikuwa wamenilipa nimrekodi akieleza jinsi babu yao alivyohamia pale, akafyeka pori na kupanda kahawa. Kamera yangu ilikuwa mpya, nimeinunua kwa akiba ya harusi za msimu mzima. Picha ilitoka safi sana: mikunjo ya uso, mtandio wa zambarau, mvuke unaopanda kutoka kwenye kikombe cha chai. Sauti ilikuwa ya bati. Maiki iliyojengewa ndani ya kamera, mita mbili na nusu kutoka kinywani mwake, iliisikia mvua vizuri kuliko ilivyomsikia yeye.

Wiki mbili baadaye nilirudi na maiki ya kubana kwenye kola. Nikamwamkia, nikamwomba radhi, nikamwomba aanze upya. "Ndaga, mjukuu wangu," akasema, asante ya Kinyakyusa, "lakini si nilishakueleza?" Akaeleza tena, ila kwa kufupisha, kama mtu anayemkumbusha aliyekwisha kusikia. Kile kipande cha shemeji yake aliyevuka mto usiku hakikurudi. Kwenye rekodi ya kwanza kipo, midomo inaonekana ikitembea, na neno halisikiki.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja, na naurudia kwa kila kijana anayenikuta Mwanjelwa, hapa Mbeya, akiniuliza anunue kamera gani. Pesa ya kwanza iende kwenye sauti, ya pili kwenye kompyuta. Simu uliyonayo inakutosha kujifunzia mwaka mzima. Inaniuma kuona mtu ameuza mahindi ya msimu ili apate kamera, halafu watu wanaiacha video yake kabla ya dakika kuisha kwa sababu anayehojiwa anasikika kama yuko ndani ya pipa. Picha yenye giza kidogo mtu huivumilia. Sauti mbovu havumilii, na mimi simlaumu.

Jambo lenyewe ni umbali. Kila unapouongeza mara mbili umbali kati ya kinywa na maiki, sauti ya msemaji hupungua kama desibeli 6, huku kelele za mvua na za chumba zikibaki karibu vilevile. Ndiyo maana maiki ya bei ndogo iliyo shubiri moja kutoka kidevuni huishinda maiki ya bei mbaya iliyokaa juu ya kamera upande wa pili wa chumba.

Huku nyanda za juu kuna la kuongeza. Baridi ya Juni na Julai huwavalisha watu majaketi, na maiki iliyobanwa kwenye jaketi la nailoni hukupa mchakacho wa mfuko wa rambo kila mtu anapopumua. Fungua zipu, ibane kwenye shati la ndani, acha waya ufanye kitanzi kidogo chini ya kibanio ili mvuto usifike kwenye maiki. Nje kwenye upepo, kama Makambako au mgongoni mwa vilima vya Iringa, ile sponji nyeusi inayokuja na maiki haitoshi. Tafuta kava ya manyoya. Na mvua ikianza, hama na mtu wako. Rekodi yangu safi kuliko zote niliifanya Uyole, ndani ya stoo ya viazi yenye dari: magunia yamejaa kuta zote, sauti haina pa kugonga ikarudi. Kwa asiye na viazi, mablanketi mazito yale yale tunayolalia, yakitundikwa nyuma ya kamera na pembeni mwa msemaji, hufanya kazi hiyo hiyo.

Maiki nyingi zisizo na waya tunazouziwa siku hizi hutumia masafa ya 2.4 GHz, ambayo Wi-Fi na Bluetooth nazo zinayatumia. Ukumbi ukijaa wageni wenye simu, mawimbi yanaweza kukatika wakati baba wa bibi harusi ndiyo kwanza anaanza nasaha. Kwa hiyo napenda zile zenye kujirekodi zenyewe ndani. Pamoja na hilo namfuata fundi mitambo mapema, namsalimia kwa heshima, namwomba waya kutoka kwenye mikseri yake, ile mashine ya kuchanganyia sauti za ukumbi. Waya huo huja na sauti kubwa kuliko ya maiki, hivyo weka rekoda kwenye hali ya kupokea mikseri na upunguze kabla shughuli haijaanza. Mimi hulenga vilele vya sauti viguse karibu na desibeli 12 chini ya sifuri ya mita, pale sauti inapopasuka, na rekoda naiweka kwenye 48 kHz, kipimo cha kawaida cha sauti ya video. Sauti iliyopasuka haishoneki, isipokuwa umerekodi kwa rekoda za biti 32 za floti, kama Zoom F3, ambazo husamehe sana kosa la kupima vibaya.

Halafu nunua hedifoni za kufunika sikio zima, uzivae wakati wa kurekodi, siyo nyumbani. Na dukani, kabla hujalipa, hesabu pete nyeusi kwenye pini ya maiki: mbili ni ya kamera, tatu ni ya simu. Nimeona watu wakirudisha maiki nzima wakidhani ni mbovu.

Sasa kompyuta. Hapa hasira yangu ni nyingine, kwa sababu watu hubadilisha mashine nzima kabla ya kujua kinachokwama ni nini. Mwezi uliopita alinijia kijana wa Mafinga na kompyuta mpakato yake. "Shikamoo, kaka. Hii imechoka, nataka niiuze, niongezee, nichukue nyingine." Nikamwambia afungue kazi yake ya kuhariri kama kawaida, kisha abonyeze Ctrl, Shift na Esc pamoja, Windows ituonyeshe kipi kinatumika kiasi gani. Tukatazama. Prosesa, ubongo wa mashine, ilikuwa haijafika hata nusu. Diski ilikuwa asilimia 100, imeng'ang'ania pale. Ilikuwa diski ya zamani ya kuzunguka, ambayo husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde, wakati SSD ya kawaida ya SATA, diski isiyo na kitu kinachozunguka, husoma kama 500. Tukaweka SSD, tukaongeza RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, kutoka GB 8 hadi 16. Mashine ni ile ile, kasi ni nyingine.

Ila si kila mashine inafunguka hivyo. MacBook za chipu za M na mashine nyingi nyembamba zina RAM iliyogandishwa kabisa, haitoki, unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachokufa nacho. Na ukienda kwenye mtumba, uliza kizazi cha prosesa: Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inadai kuanzia kizazi cha 8. Kadi ya michoro (GPU) ni muhimu kwa programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, si ya haraka kwa anayekata video za dakika tano.

Yule kijana alikuwa bado na tatizo, na halikuwa la vyuma. Video za simu yake zilikuwa 4K, yaani picha kubwa sana, za mfumo wa kubana uitwao HEVC, zimebanwa mno, na prosesa ya zamani hutoka jasho kuzifungua. Dawa ni kutengeneza nakala nyepesi za kuhariria, zinaitwa proksi, programu irudi kwenye zile halisi wakati wa kutoa video. Pia simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu, yaani picha moja moja kwa sekunde, inayopanda na kushuka, ndiyo sababu midomo na sauti huachana kadiri video inavyoendelea. Wengi huilaumu maiki. Pitisha klipu kwenye programu ya HandBrake, ambayo ni ya bure, uchague idadi ya fremu isiyobadilika.

Pesa aliyokuwa aongezee kwenye mashine nyingine ilibaki, akanunua maiki ya kola siku ile ile. Aliibana kwenye shati, akatoka hadi kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, akataja jina lake na la kijiji chao huku malori yakipita. Tukasikiliza kwa zamu, hedifoni ni moja. Malori yalikuwepo, nyuma kabisa, na jina lake lilikuwa mbele.