Giza la Winterfell si kosa la televisheni zetu
Eti giza la sehemu ya tatu ya msimu wa nane wa tamthilia ya Game of Thrones, ile ya vita vya usiku kwenye ngome ya Winterfell iliyorushwa Aprili 2019, lilitokana na sisi watazamaji kutojua kurekebisha televisheni. Nakataa kabisa. Nilizima taa zote, nikafunga mapazia, nikapandisha mwangaza hadi mwisho, na bado kuna dakika nilisikia panga tu bila kujua nani anamkata nani. Video ikibanwa ili ipite kwenye intaneti, weusi unaokaribiana huunganishwa kuwa mabonge, na hakuna kitufe cha rimoti kinachorudisha kilichokwisha kutupwa. Lakini giza lenyewe silichukii! Wale wapanda farasi wa kabila la Dothraki walivyotimua mbio na panga zinazowaka, kisha mioto ikazimika mmoja mmoja kule mbali, ukabaki ukimya, moyo ulinishuka kuliko kwa kifo chochote kilichoonyeshwa karibu. Pale giza lilikuwa na kazi. Theon, mmoja wa wapiganaji wa ngome, alipoanguka mbele ya ule mti mweupe niliuona uso wake vizuri, nikalia. Nyie mliotazama kwa diski, ambako video haibanwi sana hivyo, mapigano ya ukutani mliyaona?