Sarafu za Meli Zilizozama: Mkusanyaji Ananunua Nini?

Mnunuzi wa dhahabu jijini Mwanza, aliyezoea kupokea mzigo wa Geita na kuupima uzito na usafi wake tu, anaweza kuona biashara ya sarafu zilizoopolewa baharini kuwa ya ajabu. Sarafu ya Marekani ya dola 20 ya mwaka 1857 ina gramu 30 hivi za dhahabu safi, lakini ikithibitishwa kuwa imetoka SS Central America, meli iliyozama Septemba mwaka huo ikiwa imebeba dhahabu ya California na kuua watu zaidi ya 400, mkusanyaji huilipia zaidi ya thamani ya madini hayo. Kinachoongeza bei ni mkasa.

Wanaotetea biashara hii wana hoja nzito. Meli hiyo ililala zaidi ya meta 2,000 chini ya maji, na aliyeifikia mwaka 1988 si jumba la makumbusho bali kampuni binafsi yenye roboti, iliyogharimiwa na wawekezaji waliotarajia kuuza watakachokipata. Picha zao zilionyesha sarafu zimesimama kwa minara, vilevile zilivyopangwa katika masanduku ambayo mbao zake zilikwisha kuoza. Bila soko, nani angegharimia picha hizo?

Hata hivyo, soko halijui pa kukomea. Mwaka 2022 suruali ya kazi iliyotoka katika meli hiyohiyo ilinadiwa kwa dola 114,000. Sisi wa Kanda ya Ziwa, tuliozika ndugu zetu Igoma baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996, tujiulize tungesema nini kama begi la abiria wa meli ile lingepelekwa mnadani. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unakataza kuuza kibiashara mali za kale zilizokaa chini ya maji kwa angalau miaka 100, na mahakama za Marekani ziliamuru maelfu kwa maelfu ya sarafu za meli ya kivita Mercedes, iliyozama mwaka 1804, zirudishwe Hispania. Zilirudi mwaka 2012.

Kwa maoni yangu, katazo la jumla linazidi kiasi, kwa kuwa sarafu zilizotoka kiwanda kimoja na kufanana kwa maelfu hazipotezi elimu zikigawanywa, mradi mahali pa kila fungu pamechorwa na kuchapishwa kabla ya mnada. Vitu vilivyovaliwa mwilini na mizigo ya abiria ni suala jingine, navyo visiuzwe hata baada ya miaka 200.