Kadi ya mlango ikinakiliwa, lawama anabeba nani?

Kadi za kugusisha zimeshazoeleka Mwanza: ofisi za mjini kati, vyumba vya hoteli, stoo na vyumba vya baridi. Wauzaji wanazisifu, na sababu wanazo. Ufunguo wa kawaida unachongwa kwa fundi wa kando ya barabara bila mwenye mlango kujua, na ukipotea unabadilisha kitasa kizima. Kadi ikipotea, msimamizi anaifuta kwenye mfumo na mlango unaikataa. Tena kwenye kiwanda cha sangara, ambako mikono imelowa au iko ndani ya glavu, mashine ya kusoma kidole inasumbua. Kadi haina shida hiyo.

Wanaozitilia shaka nao wana hoja nzito. Kadi nyingi za bei rahisi hutumia masafa ya kilohezi 125, na kazi yake ni moja tu: kutaja namba yake kwa kisomaji chochote kinachoiamsha. Haijui nani anauliza. Mtu mwenye mashine ndogo ya kunakilia, inayonunulika mtandaoni, akiipata kwa sekunde chache tu anatoka na nakala, na mwenyewe hatakosa kitu mfukoni.

Hata kadi zenye ufunguo wa siri si zote salama. MIFARE Classic, aina ya kadi iliyoingia sokoni mwaka 1994, inalindwa kwa ufunguo wa biti 48, ambao ni mfupi. Mwishoni mwa 2007 Karsten Nohl na Henryk Plötz walieleza mjini Berlin walivyoichambua chipu yake, na mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, wakaonyesha inavyonakiliwa. Kampuni ya NXP, inayotengeneza chipu hiyo, ilikwenda mahakamani kuzuia utafiti huo usichapishwe, ikashindwa. Kadi hizo zinauzwa mpaka leo. Machi 2024 ulitangazwa udhaifu wa vitasa vya hoteli vya Saflok, vilivyofungwa kwenye milango zaidi ya milioni 3 duniani, na kadi zake ni za ukoo huohuo.

Watetezi wanajibu kwamba mwizi wa hapa hahangaiki na chipu. Anavunja dirisha au anamhonga mlinzi. Kwa nyumba ya kupanga kule Nyegezi nakubaliana nao, na sioni sababu ya mwenye nyumba kuongeza gharama. Lakini chumba cha baridi chenye minofu ya kusafirishwa nje ni habari nyingine. Hapo wa kuogopwa ni mtu wa ndani, anayeijua zamu na anayekaa meza moja na mwenye kadi wakati wa chakula.

Na hapa ndipo ninapoumia. Kila mlango unaofunguka, mfumo unaandika jina na saa. Nakala ikitumika saa nane usiku, jina linaloandikwa ni la mfanyakazi aliyelala kwake Igoma. Asubuhi anaitwa ofisini, anawekewa karatasi mbele, anaulizwa aliingia kufanya nini. Atajitetea kwa lipi? Bosi anaamini kompyuta haisemi uongo, na kweli haijasema uongo: imeandika namba iliyoisikia. Kosa ni kuichukulia namba kuwa mtu.

Kadi bora zipo, kama aina ya DESFire za matoleo ya karibuni zinazotumia AES, njia imara ya kuficha taarifa kwa ufunguo wa siri, na bei yake iko juu kidogo. Ila kuna mtego: fundi anaweza kukuuzia kadi hizo kisha akakiweka kisomaji kisome namba ya wazi tu, kwa kuwa ndiyo njia ya haraka. Umelipia ulinzi usiotumika. Mwulize kabla hujamlipa: kisomaji kinathibitisha ufunguo wa siri, au kinasoma namba tu? Akibabaika, tafuta mwingine. Na mwajiri ambaye bado ana kadi za zamani, akitaka kumkata mtu mshahara kwa orodha ya mlango, alete na picha ya kamera inayoonyesha uso.